Sudoku Nilizojaza Nikiwa Nimelala Chali

Kila mtu wa mtaani kwetu anapoambiwa ana TB ya mgongo, ndugu zake huja kwangu na swali moja. Hawaulizi habari za dawa, dawa wameshapewa. Wanauliza, "Ulilalaje miezi yote ile bila kuchanganyikiwa?" Nikiwajibu kwamba nilikuwa najaza sudoku, wanadhani nawatania. Kwa hiyo nimeamua kuandika, ili asome mwenyewe kwa utulivu yule ambaye sasa hivi amelala anaangalia mabati.

Mimi ni wa kwanza kati ya watatu. Wazazi wetu walifariki wakifuatana, na mimi nikaacha shule darasa la sita. Nyuma yangu yupo Skola, ambaye wakati wa ugonjwa wangu alikuwa kidato cha pili, na mdogo wetu Zawadi, aliyekuwa darasa la tatu. Tulikuwa na nyumba aliyoiacha baba mtaa wa Chapwa, hapa Tunduma, karibu na barabara ambako malori husimama siku nyingi yakisubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Niliwauzia madereva maandazi. Ya kufungia nilinunua magazeti ya zamani ya Zambia, yanapimwa kwa kilo. Nilikuwa nayapanga marundo, nakata rundo zima kwa kisu mara moja, kila ukurasa unatoa vipande vinne. Mle kwenye magazeti niliona miaka yote ile miraba yenye namba chache chache. Nilidhani ni mambo ya bahati nasibu.

Mgongo ulianza kuuma, na mimi sikushangaa. Tunduma kila mtu anabeba, na kila mtu mgongo unamuuma. Nilibeba ndoo za maji na mifuko ya unga, nikajipaka dawa ya kuchua, nikachuliwa na jirani, nikaendelea. Mwaka mzima ulipita hivyo. Nikaanza kutoka jasho, nguo zikanipwaya. Asubuhi moja nilikuwa natoka jikoni na beseni la maandazi, Zawadi akasema, "Dada, kandambili yako moja umeiacha kule." Niliangalia chini. Mguu wa kushoto ulikuwa peku na mimi nilikuwa sijui.

Hospitali nilipelekwa nyuma ya pikapu ya jirani. Kwenye benchi la kusubiria sikuweza kukaa, nikajinyoosha, kichwa kwenye mapaja ya Skola. Mama mmoja alisimama mbele yangu akiwa na mtoto mgongoni. "Binti, kaa bwana, umechukua nafasi ya watu wanne. Sisi nasi tunaumwa." Skola akataka kumjibu vibaya, nikambana mkono. Mama alinitazama miguu vizuri, halafu akakaa chini sakafuni, akaegemea benchi upande wangu. Baadaye alinimenyea ndizi. Sikumbuki sura yake, ndizi naikumbuka.

Baada ya picha ya eksirei, daktari aliniambia mambo mawili. Dawa ni za mwaka mmoja. Na nilale. "Usikae, usisimame, mpaka picha itakapotuonyesha kwamba mfupa umeshika. Ukijaribu mapema, miguu inaweza isirudi." Wakanifunga plasta ngumu kuanzia kwapani hadi nyongani. Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza zinaanza kupiga bati la wodi.

Kwenye kitanda kilichofuata changu alilala mama wa Kizambia tuliyemwita Bana Mulenga, yaani Mama Mulenga, muuza nguo za mitumba aliyevunjika paja. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na jiwe. Alikuwa na penseli, kifutio na gazeti. Siku ya tatu nilimuuliza anaandika nini.

"Sudoku. Unajua kuhesabu mpaka tisa?"

"Najua, mama."

"Basi umemaliza masomo."

Alinieleza hivi. Mraba mkubwa una mistari tisa ya kulala na mistari tisa ya kusimama, na ndani yake kuna nyumba tisa, kila nyumba ina vyumba tisa. Namba moja hadi tisa lazima zikae zote katika kila mstari na kila nyumba, na hakuna namba inayojirudia. Zile zilizochapwa ndizo wenyeji. Wengine unawatafutia vyumba wewe.

Nilichukua kalamu yangu ya wino nikaanza kubahatisha. Wino ukakata, maana kalamu haiandiki ikielekea juu. Yeye akacheka hadi jiwe lake likayumba. "Awe! Hapana! Iwe mwana, wewe mtoto, mtu aliyelala anatumia penseli. Na hapo umeandika nne, umeipata wapi?"

"Nimeona inafaa."

"Inafaa na nane pia. Na mbili. Andika zote tatu ndogo ndogo kwenye kona, usimpe mtu chumba kabla hujawaondoa wenzake."

Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia watu. Katika sudoku ngumu, jaza kila chumba kitupu kwa namba ndogo ndogo zinazowezekana, halafu kazi yako ni kufuta. La pili alinifundisha nilipokwama kabisa. Nilikuwa nakodolea chumba kimoja nikiuliza kinataka namba gani. Akasema nigeuze swali. "Mwulize saba. Saba, katika nyumba hii wewe unaweza kulala wapi?" Nikatazama. Saba alikuwa na mahali pamoja tu, na nilikuwa nimepapita mara kumi.

Tulikaa hivyo miezi miwili. Mkojo wangu ulikuwa mwekundu kama chai ya rangi kwa sababu ya dawa, na Bana Mulenga ndiye aliyeniambia nisiogope. Wakati mwingine tulifanya sudoku moja kwa siku mbili, mimi nikilia katikati. Hakuniambia nyamaza. Alisubiri, kisha akasema, "Haya mukwai, nyumba ya tatu." Januari nilipotolewa alinipa kifutio chake, yeye akabaki na jiwe lake. Sijamwona tena.

Nyumbani walinilaza juu ya mbao sebuleni. Mvua ilikuwa kubwa, malori yanakwama kwenye matope nje, mafundi wanatukanana. Skola aliamka mapema kukaanga maandazi, akayauza, akaenda shule. Hospitali ilimwandika yeye kuwa msimamizi wa dawa zangu. Kila asubuhi alisimama juu yangu na vidonge na kikombe.

"Meza."

"Nimemeza."

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Skola, mimi nilikubeba mgongoni."

"Ndiyo, na sasa inua ulimi."

Walinigeuza mara nne kwa siku ili nisipate vidonda, mmoja mabegani, mwingine magotini. Ndani ya plasta kuliwasha, Zawadi akawa anapitisha njiti ya ufagio kunikuna, akiniuliza "hapa? hapa?" kama anatafuta stesheni ya redio. Mapaja yalikonda hadi ngozi ikakunjika. Kuna siku nilimwona jirani amekuja kuniona, macho yake yakaenda kwenye chombo cha haja kilichokuwa bado hakijamwagwa, nikatamani bati liniangukie. Nilikuwa nina miaka ishirini na moja.

Februari akaja baba mdogo kutoka kijijini Galula, kwa pikipiki, ametapakaa matope. Ndiye mdogo wa baba aliyebaki. Alikaa kwenye kigoda karibu na kichwa changu, akanipigia hesabu ya nyumba kwa upole. Mabinti wawili, barabara ya malori, mtu mzima hawezi kusimama. Ukoo umekubaliana kwamba Skola aende Itumba kwa shangazi, kule kwenye milima ya Ileje, Zawadi aende Galula kwake, nyumba ipangishwe, na mimi nitafutiwe mtu wa kunitunza huko huko kijijini.

"Kwa muda tu, Enesi."

Nilijua watoto waliotawanywa kwa muda tu. Walikuja kufahamiana misibani.

"Nipe muda, baba. Nitasimama."

"Mahindi yakivunwa," akasema. "Nikikuta umesimama, siongei tena. Nikikuta umelala, nawachukua."

Kuanzia hapo nilikuwa na tarehe. Daktari alikuwa amesema picha nyingine ni Julai. Mahindi yanavunwa kabla ya hapo.

Mchana nilibaki peke yangu na lile rundo la magazeti yangu ya kufungia, lililosalia chini ya meza. Jibu la kila sudoku linatoka kwenye gazeti la kesho yake, na la kesho yake huenda lilishaondoka na andazi la mtu kwenda Lusaka. Kwa hiyo sikuwa na wa kunisahihisha. Nilijifunza kujihakiki mstari kwa mstari. Nilizianza zile za nyota moja, nikapanda hadi za nyota tano, na huko ndiko nilikojifunza mambo ambayo Bana Mulenga hakunifundisha, au alinifundisha sikuelewa.

Kuna la mapacha. Ukiona vyumba viwili kwenye mstari mmoja, kila kimoja kimebaki na tatu na nane tu, hujui nani atakaa wapi, lakini unajua kwamba hao wawili wameshavichukua vyumba hivyo. Kwa hiyo futa tatu na nane kwingine kote kwenye mstari ule. Kutojua hakukuzuii kusogea.

Kuna nililoliita kitanda. Tafuta mistari miwili ya kulala ambayo namba fulani, tuseme tano, imebakiwa na vyumba viwili tu katika kila mstari, na vyumba hivyo vinatazamana juu na chini kama miguu minne ya kitanda. Tano lazima achukue miguu miwili ya mshazari. Ipi, hujui. Lakini kwenye mistari ile miwili ya kusimama, tano nyingine zote nje ya kitanda ni za kufutwa. Siku niliyokiona kitanda cha kwanza nilipiga kelele, jirani akaja mbio akidhani nimeanguka.

Na kuna ile ya kwenda na kurudi, pale kila kitu kinapokwama. Chukua chumba chenye namba mbili tu. Fuata ya kwanza, ikiwa hii basi ile, uone inafika wapi. Rudi hadi mwanzo, fuata ya pili. Njia zote mbili zikikubaliana kuhusu chumba fulani cha mbali, hicho ndicho uandike. Huko siko kubahatisha, kwa sababu hukuamini njia yoyote kabla ya kuzipita zote mbili.

Tatizo langu lilikuwa kisu. Nilipokuwa nikikata marundo, kisu kilipita katikati ya sudoku, kwa kuwa gazeti lile huiweka mahali pale pale kila siku. Juu ilibaki mistari mitano, chini minne. Nikawa natafuta vipande na kuvigandisha kwa uji mzito.

Mwezi wa Aprili niliokota moja ya nyota tano ikanishinda. Wiki tatu. Mara nne nilifuta yote. Kila mara ilikwenda vizuri, mapacha wanaonekana, kitanda kinaonekana, halafu mwishoni nyumba ya chini kulia inakosa mahali pa nne. Nilijiona mjinga. Nikaanza kulazimisha, naandika nne hivyo hivyo juu ya mstari wenye nne nyingine, nageuza macho.

Wakati huo huo nilikuwa nafanya kitu kingine cha kulazimisha. Watoto wakienda shule nilikuwa najisukuma kwa viwiko, nakaa. Mara ya kwanza dunia ilizunguka. Ya tatu nilikaa hadi nikahesabu mia. Miguu ilikuwa imeanza kuwasha kwa ndani, nikaona ni dalili nzuri. Mpango wangu ulikuwa kwamba baba mdogo akiingia anikute nimesimama nimeshika mlango, hata kwa dakika moja, aondoke. Kuhusu mfupa umeshika au haujashika, sikutaka kufikiri.

Jumamosi moja Skola alikuwa anafagia, akalikuta lile karatasi nimelirusha ukutani. Akaliokota, akaligeuza. Akaanza kucheka.

"Nini?"

"Dada, huyu mchezaji ana miguu ya ng'ombe."

"Mchezaji gani?"

Akanishushia karatasi usoni, nyuma mbele. Kipande cha juu kilikuwa na picha ya mcheza mpira ameinua mikono kushangilia. Kipande cha chini kilikuwa tangazo la dawa ya kupe. Mahali nilipogandisha, mchezaji alimalizikia kwenye kwato nne. Nilikuwa nimeunga sudoku mbili tofauti, na kwa kuwa mimi mwenyewe niliyakata kwa kisu kimoja, yaliingiana bila hata alama.

Nilicheka hadi plasta ikanibana mbavu. Zawadi akaja, akaona, akaanza kutembea sebuleni kama ng'ombe aliyefunga goli. Halafu kicheko changu kikageuka, nikawa nalia, nao wakasimama hawajui washike wapi.

"Wiki tatu," nikasema. "Wiki tatu."

Skola hakuwa anacheka tena. "Kwa nini hukuniambia nikugeuzie karatasi? Niko hapa kila siku."

Tangu mama afariki nilikuwa sijamwomba mtu yeyote aniangalizie kitu. Nikawaambia pale pale habari za kukaa kwa siri. Skola alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi muda mrefu, na aliporudi alinigeuza taratibu sana. Sikukaa tena.

Juni upepo ulikuwa baridi, vumbi limeanza. Baba mdogo alikuja siku aliyosema, na shangazi Tasila akafika kutoka Itumba kwa basi dogo, amejifunga vitenge viwili. Ni dada yao mkubwa, mjane, mtu wa maneno machache. Walinikuta juu ya mbao.

"Mahindi yamevunwa," baba mdogo akasema.

"Najua, baba."

"Huwezi hata kukaa ukaongea na wakubwa?"

"Naweza. Nimeshajaribu, mara tatu. Lakini picha ni mwezi ujao, na mpaka hapo sikai. Nisamehe."

Alivua kofia. "Enesi, usinione mbaya. Malori yale pale. Mabinti wale pale. Na mkubwa wa nyumba ni mtu wa kugeuzwa kama andazi."

Zawadi akacheka, akajiziba mdomo. Hata mimi ilinichekesha. Ilikuwa kweli. Nilimtafuta shangazi kwa macho, kwa kuwa kichwa hakigeuki sana.

"Shangazi, wewe umeulizwa?"

"Kuulizwa nini?"

"Kama unataka kukaa na Skola."

Baba mdogo akakohoa. Shangazi alikunja kitenge chake upya. "Hakuna mtu aliyeniuliza. Nilipigiwa simu kwamba kuna mtoto anakuja. Nalala chumba kimoja na wajukuu watatu. Huyu mrefu hivi nitamlaza wapi, darini?"

"Na wewe ungelala hapa?"

"Hapa wapi?"

"Kitanda cha mama kipo. Hakuna anayekilalia."

Nje dereva mmoja alikuwa anapiga honi bila sababu.

"Hapa kuna mlima?" shangazi akauliza.

"Hakuna."

"Kutoka hapa kwenda sokoni?"

"Tambarare, shangazi."

"Maana magoti yangu yameshakataa Ileje."

"Dada," baba mdogo akaingilia, "na shamba lako?"

"Shamba lina mkwe wangu. Na mkwe wangu ana mdomo. Waache wakae wote wawili, yeye na shamba." Akaniinamia, akanipima plasta kwa kugonga na kidole kama anayechagua chungu. "Nitakuja nione. Nikichoka naondoka."

Baba mdogo alikunywa chai yake yote. Alipoondoka aliwasha pikipiki, akaizima, akarudi mlangoni. "Ulale basi," akaniambia.

Sitaki usome hapa ukadhani mlango ulifunguka. Shangazi alikuja na kuku wanne na amri nyingi. Alipunguza sukari kwenye maandazi. Aliwashia jiko sudoku zangu zote zilizojaa, na hakuniuliza. Nyumba niliyoiongoza tangu nikiwa mtoto iliacha kuniuliza chumvi iko wapi. Na picha ya Julai ilionyesha mfupa haujamaliza. Daktari akasema miezi miwili zaidi. Njia nzima ya kurudi, nyuma ya pikapu, niliangalia waya za umeme zikipita. Kama ningesimama Juni, nisingekuwa nakuandikia haya nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Kwako uliyelala, sina mengi. Tafuta kitu kigumu kinachofaa mikono iliyoinuliwa juu. Tumia penseli. Ukikwama wiki tatu, mwite mtu akugeuzie.

Plasta ilikatwa Septemba, jua kali. Ngozi ya chini yake ilitoka kama maganda ya vitunguu, na katikati ya mgongo palikuwa na kinundu ambacho bado ninacho. Blauzi zangu zote fundi hulazimika kuziachia hapo. Siku nane nilijifunza kukaa. Siku ya tisa shangazi akanishika kwapa moja, Zawadi akashika lingine, nikasimama sebuleni, miguu inatetemeka kama ya ndama.

Skola aliingia kutoka shule. Nilipolala alikuwa ananifikia begani. Sasa ilibidi niinue macho kumtazama. Naye aliliona hilo wakati ule ule nilipoliona mimi. Akakunja magoti kidogo, polepole, akidhani sitagundua, hadi nyuso zetu zikalingana.

"Simama wima," nikamwambia. "Mgonjwa ni mimi."